Kusineti ya kamshafti inashikwa na kipimo, si kole wala patasi

Leo naweka kando mambo ya kutafuta kazi, nataka tuzungumze kazi yenyewe. Tangu nimeanza garaji hapa Mubambiro, kuna swali moja wenzangu wa mekanike wananiletea kila mara: "Kaka, muzee mmoja anataka Fuso yake ipande na nguvu zaidi. Nikifunga kusineti mpya za kamshafti, nizishike na nini zisizunguke?" Anayeuliza anangoja nimtajie jina la kole. Jibu langu ni refu kidogo, njo maana nimeamua kuliandika mara moja kwa wote.

Kwanza, kwa nini swali hili linatoka hapa. Wengi wanaijua Mubambiro kwa sababu ya kambi za askari na ya watu waliokimbia vita. Sisi wa garaji tunaijua kwa kitu kingine: hapa barabara laini inakaribia kuisha. Kutoka Goma mpaka Sake ni kilomita kama 25 kando ya ziwa na mawe ya volkano. Ukishapita Sake unaanza kupanda Mushaki, halafu Masisi, na wenye moyo wanaendelea mpaka Walikale. Gari imebeba viazi, maharagwe, mbao, na watu juu ya mzigo. Tena Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Kwa urefu huo presha ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Moteri isiyo na turbo inapanda mlima ikiwa imepungukiwa hewa kwa karibu asilimia 15, hata kabla ya kubeba gunia la kwanza. Kwa hiyo mteja akisema anataka nguvu, si mapenzi ya mashindano. Ana sababu.

Basi, kwetu moteri ya nguvu nyingi ni ile inayovuta tani nyingi kwa vitesi vidogo, saa nzima bila kupumzika, na wakati wa kushuka inashikilia gari kwa breki ya moshi.

*Tunazungumzia kitu gani?*

Kamshafti (wazee wa garaji wanasema arbrakame) ni ile shafti yenye nundu inayofungua valvu. Katika moteri ya mipigo minne inazunguka mara moja kila vilbrekeni ikizunguka mara mbili. Kwenye moteri nyingi za zamani na za kazi nzito, kamshafti inakaa ndani ya bloki, chini, na inasukuma vijiti vinavyopanda mpaka kwenye kulibuteri. Toyota 3B, 2H na ndugu yake wa turbo 12H-T, pia Fuso 6D16, ziko katika kundi hilo. Toyota 1HZ haimo: yake kamshafti iko juu, kwenye kulasi. Hizo za juu nitazirudia mbele.

Kamshafti ya ndani ya bloki ina shingo kadhaa, sehemu za duara zilizo laini. Kila shingo inazunguka ndani ya pete nyembamba ambayo kwa kawaida mgongo wake ni chuma na tumbo lake ni metali laini. Hiyo pete ndiyo kusineti. Si kama kusineti ya vilbrekeni yenye vipande viwili na kofia ya kufunga na boriti. Hii ni pete nzima, inasukumwa ndani ya tundu lake kwenye bloki. Tundu hilo nitaliita nyumba. Hakuna kofia, hakuna boriti. Ndiyo sababu kijana akiiona mara ya kwanza anajiuliza: sasa hii inashikwa na nini?

*Inashikwa na kubanwa*

Kusineti inatengenezwa ikiwa kubwa kidogo kuliko nyumba yake. Tofauti ni sehemu chache za mia za milimita. Karatasi ya kawaida ya ofisi ina unene wa kama 0.1 mm, kwa hiyo tunazungumzia kitu chembamba kuliko karatasi. Ukiisukuma kwa nguvu, pete inajikunja kidogo, nyumba inajipanua kidogo, na vyote viwili vinakumbatiana. Mkumbatio huo ndio unaozuia kusineti isizunguke. Kingine chochote, kole, patasi, pini, ni msaidizi tu. Mkumbatio ukikosekana, msaidizi hawezi kufanya kazi ya mwenye nyumba.

Hapo unaona kwa nini kipimo kinakuja mbele ya yote. Nyumba ikiwa imeliwa hata 0.08 mm kwa sababu kusineti ya zamani ilizunguka ndani yake, kusineti mpya itaingia kwa ulaini, fundi atafurahi, atasema "imeingia vizuri." Kumbe imeingia vizuri kwa sababu haijashikwa.

*Nguvu inaongezeka wapi?*

Hapa watu wengi wanachanganya. Si turbo yenyewe inayokamata kusineti na kuizungusha. Mzigo kwenye kamshafti unatoka kwa valvu. Tuseme springi ya valvu inasukuma kwa kilo 100 wakati valvu iko wazi, na kulibuteri ina uwiano wa 1.5. Nundu ya kamshafti itabeba kilo 150, na kusineti ya karibu inabeba sehemu kubwa ya huo mzigo. Ukiweka springi kali zaidi, mzigo unapanda kwa uwiano uleule.

Kwetu springi kali zinaingia kwa njia mbili. Ya kwanza, mtu anataka moteri izunguke haraka zaidi bila valvu kurukaruka. Ya pili, na hii ndiyo yetu ya Masisi, ni breki ya moshi. Ukifunga bomba la moshi wakati wa kushuka, presha inarudi nyuma na kusukuma valvu za moshi zifunguke wakati hazitakiwi. Anayetaka breki kali zaidi inabidi aweke springi kali zaidi kwenye valvu hizo. Na ukiongeza turbo na mazuti, valvu ya moshi inafunguka wakati silinda bado ina presha kubwa kuliko zamani; nguvu ya kuifungua inatoka wapi? Kwenye kamshafti. Kwa hiyo mteja anayesema "ongeza tu turbo" hajui kwamba anaongeza pia kazi ya pete ndogo asizoziona.

*Ikizunguka inafanya nini?*

Kila kusineti ina tundu la oili linalotazamana na tundu la bloki. Ikigeuka hata robo ya duara, mlango umefungwa. Shingo inakauka, inapata moto, inang'ang'ania kusineti na kuizungusha zaidi. Katika moteri nyingi za aina hii, oili inayopanda kwa kulibuteri inapitia kwanza kwenye moja ya kusineti hizi. Kwa hiyo unaweza kusikia kelele juu, ukafungua juu, ukabadilisha vitu vya juu, na ugonjwa uko chini.

Dalili nyingine ni presha ya oili: nzuri asubuhi, mbaya moteri ikishapata joto. Nafasi kati ya shingo na kusineti ikiwa mara mbili ya inavyotakiwa, oili inayovuja hapo haiwi mara mbili, inakuwa karibu mara nane, kwa sababu uvujaji unakwenda na nafasi ikizidishwa mara tatu yenyewe kwa yenyewe. Wale tuliokariri fomula hiyo kwa ajili ya mtihani, sasa mnajua inaishi wapi.

Nilipata kuona Fuso moja iliyojengwa upya kwenye garaji nyingine, imewekwa turbo, haijamaliza hata msimu mmoja. Presha inaanguka ikipata joto. Tulipotoa kamshafti, kusineti ya katikati ilikuwa imegeuka, tundu limefungwa nusu. Pembeni mwake kulikuwa na alama nne za patasi. Tulipima nyumba: ilikuwa kubwa kuliko zingine kwa 0.08 mm. Aliyeifanya hakuwa mvivu, patasi ilipigwa kwa bidii. Alichokosa ni komparateri ya kupima ndani.

Muzee mwenye gari alitaka tupige patasi tena, jioni apakie. Aliniambia: "Wewe universiteri unapenda kupima. Mimi napenda kupakia." Nilimwelewa, kila siku ambayo gari imelala ni viazi vinavyooza. Lakini gari hiyo ingeenda kuzima wapi? Katikati ya mlima, na watu juu, na usiku unaingia. Na breki za hewa zinategemea kompresa inayozungushwa na moteri. Moteri ikizima umebaki na hewa ya ndani ya tanki tu. Bloki ilipelekwa Goma kwa mwenye mashine, nyumba zikachongwa kwa mstari mmoja, na kusineti yenye mgongo mnene zaidi ikatafutwa. Ilichukua wiki mbili. Alinung'unika zote mbili.

*Namna ninavyofanya kazi*

1. Safisha kwanza. Toa vifuniko vyote vya njia za oili, pitisha brashi na hewa. Vumbi letu la volkano ni gumu, linakwaruza. Ukifunga kusineti mpya kwenye bloki chafu umelipa bure.

2. Pima kila nyumba mahali pawili kwa urefu, na kila mahali kwa njia mbili, wima na mlalo. Andika kwenye karatasi. Linganisha na kitabu cha moteri, si na kumbukumbu ya mtu. Usitegemee kupima mgongo wa kusineti ikiwa mkononi; pete nyingi zina mshono na hazina duara kamili mpaka ziingie kwenye nyumba.

3. Angalia namba ya kila kusineti. Katika moteri nyingi hazilingani. Mfano unaojulikana duniani ni V8 ndogo ya Chevrolet iliyotoka mwaka 1955 na kutumika sana kwenye mashindano Marekani: ina kusineti tano, ndani zote zina kipenyo kimoja, lakini nje zinatofautiana kulingana na nafasi. Ukiweka ya nafasi ndogo kwenye nyumba kubwa, itaingia kwa kidole na itatoka yenyewe.

4. Lainisha ukingo wa nyumba. Ukingo mkali unanyoa mgongo wa kusineti wakati wa kuingia, na kile kilichonyolewa ndicho kilichokuwa kikae na kubana.

5. Vuta, usipige. Boriti ndefu yenye nyuzi, sahani mbili na kipande cha duara kinachoingia ndani ya kusineti bila kucheza vinatosha. Turneri yeyote anaweza kukuchongea. Nyundo inaingiza kusineti ikiwa imepinda, na iliyopinda inabana upande mmoja tu.

6. Tundu kwa tundu. Kabla ya kuvuta, weka alama. Baada ya kuvuta, pitisha waya na taa. Usiridhike na "inaonekana iko sawa."

7. Ingiza kamshafti yenye oili na uizungushe kwa vidole. Ikikaza, usilazimishe. Paka wino kwenye shingo, zungusha, utaona mahali palipoinuka. Kwaruza hapo kidogo kidogo kwa kisu cha kazi hiyo. Kisha safisha tena. Nafasi ya oili mara nyingi ni kati ya 0.05 na 0.10 mm, lakini mwenye neno la mwisho ni kitabu cha moteri yako.

8. Mwisho, kifuniko cha nyuma cha kamshafti. Kikipigwa ndani kupita kiasi kinagusa shafti na kuikaza. Baada ya kukiweka, zungusha tena kwa vidole.

*Sasa kole, patasi na pini*

Sisemi vitu hivi ni vibaya. Nasema kila kimoja kina mahali pake.

Kole ya metali, ile ambayo watu wengi wanaiita Loctite, inakauka pale hewa inapokosekana ikigusa chuma. Ile ya kushikilia kusineti (si ile ya nyuzi za boriti) inajaza vishimo vidogo na kuongeza mkumbatio uliopo. Inataka uso usio na oili hata kidogo. Weka chache, mbali na tundu la oili, na uache ikauke muda ulioandikwa kwenye chupa. Nyingi zinavumilia joto la kama nyuzi 150, linatosha kwa oili ya moteri yenye afya. Lakini nyumba ikiwa imeliwa na si duara tena, kole inakuwa plasta juu ya mfupa uliovunjika.

Patasi inasukuma ukingo wa kusineti uume kwenye bloki. Inaweza kuzuia kusineti isitembee kwenda mbele au nyuma. Kuzuia mzunguko, kidogo sana. Na kila pigo linainua kivimbe ndani, pale pale shingo inapopita. Ukiona ni lazima kupiga, baadaye pima na kwaruza.

Pini au vis inayopita kwenye bloki mpaka mgongo wa kusineti inazuia mzunguko kwelikweli. Lakini unatoboa bloki: ukikosea unaingia njia ya oili, ukizidisha unagusa shingo. Ni kazi ya mashine na mchoro, si ya mkono na haraka.

Nyumba ikiliwa, dawa halisi ni moja: kuchonga nyumba zote kwenye mstari mmoja na kuweka kusineti zenye mgongo mnene zaidi.

*Bloki ya aluminiumu ni habari nyingine*

Chuma cha bloki na chuma cha mgongo wa kusineti vinatanuka karibu sawa. Aluminiumu inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Tufanye hesabu: nyumba ya milimita 50, joto limepanda nyuzi 80. Aluminiumu inapanuka kama 0.09 mm, kusineti inapanuka kama 0.05 mm. Umepoteza 0.04 mm ya mkumbatio kwa joto peke yake. Kusineti iliyobanwa kwa 0.05 mm asubuhi, ikipata joto imebaki na 0.01. Hapo ndipo mkumbatio mkubwa zaidi, au pini, vinapata maana.

*Na zile zisizo na kusineti?*

Cummins 6BT ya lita 5.9, inayopatikana kwenye malori na jenereta nyingi, ilitoka kiwandani na kusineti moja tu, ya mbele. Shingo zingine zinazunguka moja kwa moja kwenye chuma cha bloki. Kwa kazi ya kawaida inatosha. Wanaojenga 6BT za nguvu kubwa na springi kali wanachonga bloki na kuongeza kusineti pale ambapo hazikuwepo.

Halafu kuna zile za kamshafti ya juu. Mfano mzuri uko karibu nasi: Safari Rally. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Barabara zile za matope na mashimo zinafanana na zetu kuliko zinavyofanana na uwanja wa mashindano wa Ulaya. Moteri ya 240Z haina pete za kusineti kwenye kamshafti; shafti inazunguka moja kwa moja kwenye minara ya aluminiumu iliyofungwa juu ya kulasi. Minara hiyo ilichongwa pamoja ikiwa mahali pake. Ukiifungua na kubadilishana nafasi, au ukichukua mnara mmoja wa kulasi nyingine, mstari umepotea na kamshafti itakaza. Ni sheria ileile ya kofia za kamshafti kwenye kulasi za leo: kila kofia namba yake, upande wake, na kufunga kwa mpangilio na nguvu iliyoandikwa. Ukisoma hapo utaona hata pale ambapo hakuna kusineti ya kushika, kinacholindwa ni kilekile: kipimo na mstari.

*Kwa ninyi mnaoanza*

Mteja hataona kusineti. Ataona bei na siku. Kwa hiyo kabla ya kukubali kazi ya kuongeza nguvu, mwambie mambo matatu: bloki itafunguliwa na kupimwa, vipimo vitaandikwa kwenye karatasi na yeye atapewa nakala, na nyumba ikiwa imeliwa, bloki inakwenda kwa mashine au kazi inasimama. Akikataa la tatu, mrudishie gari lake kwa heshima. Fundi mwingine atapiga patasi, ni kweli, na hela itakwenda kwake. Lakini barabara ya Mushaki ni moja, na watu wanaokaa juu ya mzigo ni mama zetu wanaorudi sokoni.

Na ukipata hela yako ya kwanza, nunua mikrometa na komparateri ya ndani kabla ya kununua fremu ya kutundika diploma. Wazee wa garaji wana mikono na masikio ambayo sisi hatuna, tuwaheshimu na tujifunze kwao. Sisi tunachoweza kuleta kwenye meza yao ni namba iliyoandikwa. Muzee wa garaji yetu sasa, kabla ya kuvuta kusineti yoyote, ananyoosha mkono bila kusema neno, anangoja nimpe ile karatasi.